Cheri za Mama kwa kona

Leo nimesema asante huku roho ikiniuma. Soma mpaka mwisho, uniambie kama nilikosea.

Mama mdogo alikuja kutoka Naitiri kunisalimia hapa Kibomet. Si mnajua wamama wa kwetu, hawawezi kukaa bure kwa mtu. Nikiwa jikoni napika chai, akachukua jembe langu akaenda nyuma ya nyumba.

Natoka na vikombe, napata shamba limepaliwa. Safi kabisa.

Safi hata pale kwa kona.

Pale kwa kona kulikuwa na miche ya cheri. Mama mzazi aliniletea matunda, akaniambia nipande mbegu siku hiyo hiyo, kwa sababu mbegu ya cheri ikikauka haioti. Hiyo ndiyo mara ya mwisho alifika kwangu. Mti wake kule nyumbani tuliukata sisi wenyewe, tupate mahali pa kuweka tenti ya matanga yake.

Kwa hivyo hiyo miche ndiyo ilikuwa imebaki, bana.

Nikauliza, "Na majani umeweka wapi?"

"Nimepea ng'ombe, ameyamaliza yote," akasema, amefurahi ajabu. "Kwekwe ilikuwa imekushinda, mwanangu."

Nikasema asante.

Tukanywa chai. Wakati wa kuenda, akanishika mkono.

"Zile cheri dada aliniambia alikuletea, zikiota, unipee mche mmoja. Nikiuona nitakuwa namuona."

Nikamwambia, "Bado hazijaota, Mama."