Nililifuta Gari la Maharusi kwa Dekio

Jamani, mie ndiye niliyeliharibu lile gari. Mume wangu mpaka leo hajui, nawaambia nyie kwanza.

Mume wangu anabeba maharusi. Ana gari jeusi, ndilo linalotulisha hapa Mbezi Luis. Kila Jumamosi asubuhi analiosha mwenyewe. Kwanza analimwagia maji vumbi lote litoke. Ndoo mbili: moja ya povu, nyingine ya kusuuzia sponji. Halafu taulo laini, anafuta kwa kunyoosha, taratibu kama anambembeleza mtoto. Taulo likianguka chini haligusi gari tena! "Mchanga kidogo tu unachora rangi," anasema.

Mie dirishani roho inaniuma. Shela sijawahi kuvaa. Kwake nilihamia na begi, kwa bodaboda! Halafu kila wiki anawafungia wenzangu maua. Nikamwomba anizungushe na mie siku moja. "Subiri mama Joy, utachafua viti." Weee! Nikasema atanitambua.

Jumamosi hiyo kaliosha, kaingia kuoga. Nikachukua dekio nililotoka kufutia kibaraza, kavu, limejaa mchanga. Nikalizungusha kwenye boneti na milango yote, nasugua kama sufuria iliyoungua. Kwenye kivuli cha ukuta gari halikuonyesha kitu, mume wangu akaondoka zake.

Kumbe juani! Pale nyumbani kwa bibi harusi gari likatoka miduara tupu, kama utando wa buibui. Mama wa binti akawaka: "Mwanangu hapandi hili!" Wakatafuta lingine.

Alirudi akachuchumaa mbele ya boneti. "Mama Joy, nimekosea wapi? Au taulo lilidondoka sikuona?"

Eti nikamjibu, "Labda sabuni."

Mungu anisamehe! Akatupa taulo zake zote. Fundi wa polishi naye akakataa, akasema rangi imeshakuwa nyembamba, akiikwangua tena itaisha. Kamati za harusi zikaacha kupiga simu. Ada ya Joy sasa tunaungaunga.

Jumapili iliyopita akanifungulia mlango wa nyuma. "Panda mke wangu, si ulikuwa unalitaka? Sasa lina nafasi."

Nikapanda. Nililia mpaka kanisani, yeye akadhani ni furaha, akawa ananichekea kwenye kioo.

Wanawake wenzangu, kitu kikikuuma mwambie mwenzio siku hiyohiyo, hata kwa kugombana. Mie nilinyamaza kwa wivu, sasa nanyamaza kwa woga, na huyu mwanaume bado anajilaumu.