Pumzi Iliyopita Puani

Nichekeni, lakini mnisikilize hadi mwisho.

Kila nikilala nilimwota Bwana Shauri, yule mzungu wa serikali, amekuja kutuhamisha kutoka hapa Kibra, nami natoroka kama kuku. Haboba, bibi yangu, akanipa dawa: "Ukiona kofia yake, funga mdomo, bana pua, halafu uvute pumzi. Pumzi ikipita, ujue ni ndoto. Mwambie utakalo, hawezi kukufanya kitu."

Nikafanya mazoezi. Nilibana pua kisimani, sokoni, hata matangani. Watu wakasema nimerukwa na akili.

Juzi Bwana Shauri akasimama uani kwangu na mkalimani wake. Nikabana pua. Pumzi ikapita, tena kwa mluzi! Basi leo atanijua. Nikamvua kofia, nikaivaa mimi.

"Ardhi hii baba zetu waliipata kwa kupigana vita vyenu. Kamhamishe mama yako!"

Mkalimani akapaliwa na mate. Haboba akaninong'oneza, "We Halima, kipini chako cha pua kiko wapi?"

Kipini kilikuwa kwa sonara tangu siku moja kabla. Pumzi ilipitia kwenye tundu lake.

Nikaliziba kwa kidole, nikabana tena. Haikupita hata chembe. Bwana Shauri alikuwa palepale, kichwa wazi, uso umemwiva, akingoja kuelezwa nimesema nini.

Kofia sikuivua. Nikamgeukia mkalimani.

"Mbona umenyamaza? Mtafsirie yote."