Mtoto wa Kumi na Mbili

Ipo Jumamosi moja, mwanangu, ambayo hadi leo nikiikumbuka vidole vyangu vinapoa. Nakueleza kwa sababu nimesikia umechaguliwa kuangalia watoto kwenye siku ya familia ya kanisa, na nimeona ulivyoipokea kazi hiyo kwa kicheko. Cheka tu, siku hiyo ni ya furaha. Ila kaa kidogo nikusimulie.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, mwalimu wa shule ya Jumapili pale Ujiji, tena mwalimu wa kusifiwa. Sifa ni tamu kama asali ya Kibondo, lakini ukiizoea unaanza kuilinda kuliko unavyoilinda kazi yenyewe. Msimamizi wetu alikuwa Bibi Generoza, mjane wa katekista, mama mfupi wa maneno machache. Asubuhi ile alitugawia watoto, kila mwalimu kumi na wawili, akawafunga vitambaa vya rangi mkononi. Wangu walikuwa wa njano. Akatuambia, "Michezo ni ya watoto. Ninyi leo kazi yenu ni macho."

Tulikuwa ufukweni, nje kidogo ya Ujiji, upande ule mto Luiche unakoingia ziwani. Mchanga ulikuwa mzuri na maji yametulia, ila kusini kulikuwa na matete marefu, na wenyeji wanajua kwamba matete ya mdomo wa mto si mahali pa kuchezea. Mamba hapigi hodi. Bibi Generoza alichora mstari mchangani kwa fimbo, akasema asiuvuke mtoto yeyote.

Basi michezo ikaanza. Watoto walishindana kuruka ndani ya magunia, wakaanguka, wakacheka. Akina baba walivuta kamba mpaka suruali ya mwenyekiti wao ikachanika. Spika mbili kubwa zilipiga nyimbo za kwaya, jenereta likanguruma, na ukitaka kusema na mtu ilikubidi umwinamie sikioni. Watoto wangu wakaomba kucheza kombolela, nami nikawaruhusu. Mmoja akafumba macho akaanza kuhesabu, wengine wakatawanyika kujificha.

Wakati huohuo zikatangazwa mbio za walimu, za kijiko na ndimu. Nikajiambia hazichukui hata dakika tano. Nikakimbia na kijiko mdomoni, nikashinda, nikapigiwa vigelegele, nikapewa beseni jekundu. Nilirudi nimelivaa kichwani kama taji.

Nilipowapanga watoto kwa ajili ya chakula nikapata kumi na mmoja. Nikahesabu tena, nikiwagusa vichwa mmoja mmoja. Kumi na mmoja. Aliyekosekana ni Editha, binti wa miaka saba, mpole, mwenye pengo la meno ya mbele.

Hapo ndipo Bibi Generoza alipopita na daftari lake. Akaniinamia. "Leokadia, wa njano wamekamilika?"

Mwanangu, jibu la kweli lilikuwa neno moja tu. Nikalitazama lile beseni, nikawatazama walimu wenzangu, nikasema, "Wamekamilika, Bibi."

Akaandika, akaenda.

Nilijiambia Editha yuko chooni. Nikaenda, hayupo. Nikajiambia yuko kwa mama yake kwenye masufuria ya samaki. Nikapita pale nikitabasamu, na mama yake akaniita, "Mwalimu, njoo uonje migebuka! Editha hakusumbui?"

"Hapana, mama, katulia."

Uongo wa kwanza humkwama mtu kooni. Wa pili huteleza wenyewe. Nikazunguka nyuma ya magari, nikachungulia chini ya mitumbwi iliyopinduliwa. Nilikuwa natembea, sikimbii, maana anayekimbia huulizwa. Jasho lilinitiririka mgongoni nami bado natabasamu. Upepo wa alasiri ukaanza kuvuma, mawimbi yakapanda mchangani, yakaufuta ule mstari wa fimbo.

Ndipo nikaiona kandambili ndogo, moja tu, karibu na matete.

Sasa nilikimbia. Nilimfikia Bibi Generoza nikamshika nguo kama mtoto. "Nimekudanganya. Editha hayupo. Tangu kabla ya chakula hayupo. Kandambili yake nimeiona karibu na matete."

Alikwenda moja kwa moja kwenye jenereta, akalizima kwa mkono wake. Ufuko mzima ukageuka kumtazama. "Mtoto amepotea," akasema. "Yuko upande wa matete."

Mama Editha alipiga ukelele ambao sitausahau. Akina baba wakaingia majini na nguo zao, wameshikana mikono. Jirani yetu walikuwapo wavuvi wakitengeneza nyavu, nao wakaja mbio, wakiongozwa na mzee Ramadhani, mtu wa Ujiji aliyezaliwa ukingoni mwa ziwa lile. Yeye hakuingia majini mara moja. Aliinua mkono.

"Nyamazeni wote! Mama, nakuomba, nyamaza kidogo. Tusikilize."

Watu mia na zaidi tukanyamaza. Nilisikia upepo, nikasikia wimbi likivunjika. Kisha, kutoka ndani ya matete, ikaja sauti nyembamba, iliyokauka, kama ya mtoto wa paka.

Mzee Ramadhani akaingia na panga, wenzake wakipiga maji kwa makasia kumfukuza mamba kama yupo. Hatukuwaona tena, tuliona matete yakitikisika tu. Sijui ilikuwa dakika ngapi. Nilikuwa nimepiga magoti, na sala haikuja, likaja jina lake tu.

Wakatoka naye begani. Alikuwa amejificha kwa ajili ya kombolela, mguu ukanaswa na wavu mkuukuu uliozama, na kila alipouvuta aliteleza kwenda kwenye kina. Walimkuta maji yamemfika shingoni, ameyakumbatia matete kwa mikono miwili.

Mama yake akamfunga kanga. Mtoto akanitazama mimi. Sauti ilikuwa imekwisha, ikabidi tuinamie midomo yake. "Mwalimu," akasema, "nilikuita. Nilikuita sana."

Editha alipopelekwa zahanati, Bibi Generoza aliniketisha mchangani. Nilitegemea matusi. Akaniita "mwana wanje", kwa Kiha, kama mama anavyomwita mwanawe.

"Sikukuuliza kama wewe ni mwalimu mzuri," akasema. "Nilikuuliza kama watoto wamekamilika. Mtoto humpotea hata mama yake mzazi. Lakini ungeniambia saa ile, ningezima muziki saa ile. Alikuwa hatua chache tu kutoka kwenye spika, anaita, na sisi tunaimba."

Nikalia. Akaniacha nilie, kisha akasema, "Nenda kwa mama yake. Useme mwenyewe. Mimi sitakusemea."

Nilikwenda zahanati kwa miguu. Nilimweleza mama Editha yote, bila kupunguza. Hakunipiga. Alisema tu, "Ulinitabasamia."

Editha alipona, na leo ni mama wa watoto watatu. Mama yake alinisamehe baadaye sana, kwa wakati wake, na sikuthubutu kumharakisha.

Wazee walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilijifunza kwamba mara nyingine kifo hakimfuati aliyeficha, humfuata mtoto wa mwenzake. Basi shika haya, mwanangu. Watoto wa watu wahesabu kwa kuwagusa, usiwahesabu kwa kuwatazama. Zamu yako usiiache hata kwa dakika tano, maana hizo ndizo ziwa linazozisubiri. Na ukikosea, kwani utakosea, sema papo hapo na kwa sauti, kabla hujafikiria watu watakuonaje. Aibu ya kusema huisha kabla jua halijazama. Ya kunyamaza nimezeeka nayo.

Nenda sasa. Mungu akupe macho yasiyosinzia na ulimi usioogopa kukiri kosa. Watoto utakaokabidhiwa asubuhi, akujalie uwarudishe jioni mikononi mwa mama zao, wamechafuka, wamechoka kwa kucheza, wanasinzia. Na wewe mwenyewe akulinde, mwanangu, uende salama na urudi salama. Amina.