Osoro na Msimu wa Watu

Ng'ombe wengi wanaokamuliwa leo pande za Ekerenyo waliingia duniani kwa mkono wa Sylvanus Osoro, na hasa mkono wa kushoto, ule anaouvika glavu ndefu mpaka begani. Hakuwa daktari. Alisoma kozi ya majuma machache, akarudi na cheti, pikipiki na mtungi wa kuhifadhia mbegu za madume, nasi tukamwita Daktari, kwa sababu mtu anayekuja kukupandishia ng'ombe alfajiri kwenye matope huwezi kumwita Sylvanus.

Kazi yake aliijua, siwezi kumnyima hilo. Alisimama nje ya boma, akamtazama ng'ombe kwa mbali, akasema huyu alianza joto jana jioni, au huyu bado, niite kesho. Aliona mkia ulivyokaa, aliona ute, aliona namna mnyama alivyosahau nyasi mdomoni. Ng'ombe wangu wawili aliwapandisha mara moja moja tu, wakashika mimba. Lakini kipaji hicho kiliishia penye uzio wa boma. Alikuwa na miaka arobaini na sita, hana mke, hana mtoto, na jikoni kwake kulikuwa na sufuria moja. Amezalisha kijiji kizima isipokuwa nyumba yake, na watu wa kwetu si watu wa kuacha jambo kama hilo lipite bila kusemwa. Walilisema kwenye kituo cha kupimia majani ya chai, walilisema arusini, walilisema mbele yake.

Nadhani ni kejeli hizo zilizomfanya atafute elimu ya kujitetea. Mwanamume mwingine angetafuta mke.

Mambo yalianzia kanisani, miaka mitatu iliyopita. Sabato moja ya Oktoba akina mama kumi na mmoja walisimama mbele na watoto wachanga ili wabarikiwe. Osoro, aliyekuwa ameketi karibu yangu, alikumbuka kwamba Mei alikuwapo mama mmoja tu. Akatoa mfukoni daftari lake la ng'ombe, akaandika, Sabato au si Sabato. Tangu siku hiyo kila nyumba aliyoingia kupandisha ng'ombe aliuliza pia watoto wa nyumba hiyo walizaliwa mwezi gani. Alipofikisha watoto mia moja na wanne, aligundua kwamba karibu nusu yao walizaliwa kati ya Agosti na Oktoba. Akarudi nyuma miezi tisa, akafika Novemba, Desemba na Januari. Hapo akajiona amefumbua fumbo ambalo Mungu alikuwa amelikalia tangu Edeni. Kumbikumbi huruka mvua inyeshapo, ndege hujenga viota kwa majira, mbwa jike ana wakati wake. Basi na binadamu ana msimu wake, ila amevaa nguo akasahau.

Machi iliyofuata mzee wa kanisa alimpa dakika kumi, Siku ya Wanaume, azungumzie afya ya familia. Osoro alivaa suti ya kijivu na kuchukua dakika arobaini. Alisema damu ya mtu huamka Novemba na kulala Februari. Mume anayemsumbua mkewe mwezi wa nne ni sawa na mkulima anayepanda mahindi juu ya mwamba, na kapera anayetafuta mchumba wakati wa baridi anachoma mafuta ya pikipiki bure. Hakuna aliyecheka, kwa sababu alitaja asilimia, na sisi asilimia tunaziogopa.

Habari ziliwafikia wanawake kabla ya jua kuchwa, na wao ndio waliokuwa wa kwanza kuzifaidi. Aprili hiyo, mke aliyeshinda kwenye chai tangu asubuhi na kapu mgongoni alimwambia mumewe si msimu, akageukia ukutani, akalala usingizi wa haki. Kuna mabwana waliomsimamisha Osoro njiani wakamsihi aurefushe msimu kidogo, angalau Agosti iingie. Akakataa. Sayansi, aliwaambia, hairefushwi kwa maombi.

Sasa alikuwako Nyakerario. Watu walimwita Mama Sharon. Alifiwa na mumewe akiwa bado kijana, wakwe wakamwonyesha mlango, naye akafanya biashara ya ndizi mpaka akajinunulia kishamba chake karibu na soko. Alikuwa na miaka thelathini na tisa, binti mmoja shule ya bweni, na ng'ombe mmoja wa madoadoa aliyekuwa mgumu mno kushika mimba. Kwa sababu ya ugumu huo, Osoro alikwenda kwake mara nyingi kuliko kwa mtu mwingine yeyote. Sisi majirani tuliyaona ambayo yeye hakuyaona. Siku aliyotarajiwa, Nyakerario alifagia ua mara mbili na kujifunga leso mpya. Ng'ombe mwenyewe, nadhani, alikwisha kuelewa.

Ikafika siku moja ya Juni, mvua ya baridi inanyesha tangu asubuhi. Osoro alimaliza kazi yake, akanawa, na Nyakerario akamwambia aingie ndani, chakula kiko mezani. Kulikuwa na obokima, ule ugali mweusi wa wimbi, kulikuwa na mboga ya chinsaga iliyochemshwa na maziwa mpaka ikalainika, na kulikuwa na kuku. Kwetu kuku hachinjwi kwa ajili ya ng'ombe. Osoro alisimama mlangoni, akaona sahani mbili, akasikia harufu, akakumbuka kwamba ni Juni. Alishukuru, akasema kuna ng'ombe watatu wanamngoja. Hakukuwa na hata mmoja. Alimwagiza mama wa watu amwangalie mnyama wake baada ya siku ishirini na moja, akawasha pikipiki, akaondoka na njaa yake.

Haya alinisimulia mwenyewe, tena kwa fahari. Nilimuuliza ni kitu gani kilichomtoa kwenye meza ya namna hiyo. Akanieleza, kwa upole, kama anavyomweleza mtu mgeni wa mifugo, kwamba dalili aliziona, lakini dalili zinazotokea nje ya msimu ni za uongo, na mwenye busara hazifuati. Desemba, juma la pili, alikuwa ameshaiwekea alama daftarini.

Julai upepo uling'oa mabati ya jiko la Nyakerario. Akamwita Makori, seremala kutoka Kiogoro, mwanamume aliyefiwa na mkewe, ambaye wakati huo alikuwa akiezeka darasa la shule jirani. Makori ni mtu wa maneno machache na hajui asilimia hata moja. Aliezeka jiko kwa siku mbili, akakaribishwa chakula, akala, akaongezwa, akala tena. Juma lililofuata alirudi kugongomea msumari ambao siamini kwamba ulikuwa umelegea.

Novemba bonasi ya chai ilipokwisha kuingia, Obwocha, shemasi wetu, alionekana Kisii mjini akitoka katika nyumba ya wageni na mwanamke asiyekuwa mkewe. Akaitwa mbele ya baraza la kanisa. Tulitarajia akane, kama ilivyo desturi. Hakukana. Alisimama wima, akasema ni Novemba na yeye ni kiumbe tu. Daktari alikwisha kueleza mimbarani kwamba damu huamka, na hapakuwa na mtu aliyepinga. Niliona wanaume wawili watatu wakitikisa vichwa taratibu, kama watu wanaojipima koti dukani wakaona linawakaa.

Kemuma, mke wa Obwocha, alikuwa ameketi benchi la nyuma. Aliinuka bila kuitwa.

"Nina swali moja kwa Daktari," alisema. "Huo msimu umejuaje njia ya Kisii mjini? Mimi nimekaa nyumbani Novemba nzima, na haujanipigia hodi."

Osoro alijibu kwamba jambo hilo linahitaji utafiti zaidi. Baraza halikungoja utafiti. Obwocha alivuliwa ushemasi, Kemuma akahamishia godoro lake chumba cha watoto, na kwa habari nilizo nazo bado liko huko. Wanaume wale wa kutikisa vichwa walikuwa wa kwanza kumlaani Obwocha mlangoni. Osoro naye aliombwa asiikaribie mimbari tena. Hakuona aibu. Aliniambia kila ukweli hupata watu wa kuutumia vibaya, akatoa mfano wa dawa ya kupe.

Juma la pili la Desemba likawadia. Siku ya Jumapili Osoro aliosha pikipiki, akavaa ile suti ya kijivu, akafunga nyuma ya kiti soda, mkate, sukari na leso ya maua. Mtungi aliuacha nyumbani. Alipofika kwa Nyakerario alimkuta Makori uani akipiga randa ubao. Akamchukulia kuwa ni fundi aliye kazini, akamsalimu vile watu wanavyowasalimu mafundi, bila kungoja jibu. Yaliyosemwa pale nimeyapata kwa Makori, ambaye hasimulii chochote maishani mwake isipokuwa hiki.

Osoro alimweleza Nyakerario kwamba amemchunguza kwa zaidi ya mwaka mzima, afya yake, tabia yake na mwendo wake, na kwamba amejizuia mpaka wakati wake ulipofika. Kama ushahidi akampa daftari. Nyakerario aliketi kwenye kigoda, akalipekua bila haraka. Ng'ombe walikuwa kurasa za kushoto, watu kurasa za kulia. Akamrudishia.

"Daktari," alisema, "baba za watoto hawa wengi wao wanafanya kazi Nairobi na Nakuru. Huwa wanarudi nyumbani lini?"

"Desemba," Osoro akasema.

"Basi hiyo si damu. Hiyo ni likizo."

Osoro alianza kueleza habari za ndege na viota. Nyakerario alimngoja mpaka akamaliza ndege wote.

"Na huyu ng'ombe wangu msimu wake ni upi? Nimekuita Februari, nikakuita Juni, nikakuita Septemba. Kila siku ishirini na moja; wewe ndiye uliyenifundisha kuhesabu. Hata ng'ombe hana msimu, Daktari. Wangu umeutoa wapi?"

Hapo, anasema Makori, mtu aliyeongea dakika arobaini kanisani alifunga daftari. Alitazama boma. Ng'ombe alikuwa akicheua.

"Umekuja hapa zaidi ya mara kumi," Nyakerario akaendelea, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Kila ukija unauliza ng'ombe amelalaje. Juni nilichinja kuku. Siku ile ungeniuliza mimi nimelalaje, hata mara moja tu, leo tusingekuwa tunaongea tukiwa huku nje."

Halafu akamwita Makori aache randa, aje amsalimie mgeni vizuri, kwa kuwa chakula kimeiva na kinatosha watu watatu. Osoro akasema kuna ng'ombe wanamngoja. Akaondoka kwa kasi, leso ingali imefungwa kwenye pikipiki. Soda na mkate alikuwa ameshaviweka chini. Makori alikunywa soda moja, akarudi kwenye ubao wake.

Walifunga ndoa Mei, mvua ikinyesha kama imetumwa, katika mwezi ambao Osoro alikuwa ameupigia mstari mwekundu kuwa mwezi mfu. Alihudhuria. Alikula kwa adabu, akampa bwana arusi mkono, na kwa muda mfupi niliuona uso wake ukiwa mtupu, kama wa mtu aliyeshuka kituo kisicho chake. Nikamhurumia. Kisha akanishika kiwiko, akanieleza kwamba mvua za mwaka ule zilichelewa zikavuruga viumbe wengi, hata nyuki, na huruma yangu ikaniisha. Februari iliyofuata Nyakerario alijifungua mtoto wa kiume. Osoro hakumwandika. Mfano mmoja, alisema, haubomoi kanuni.

Hakukaa sana baada ya hapo. Kila alipoingia boma la mtu, wenye ng'ombe walimuuliza kwa heshima zote kama mwezi huu wanaruhusiwa. Watoto wa shule walimuuliza vilevile, bila kujua wanauliza nini. Mtu anaweza kuvumilia kuitwa kapera, ila si kuombwa ruhusa na kijiji kizima. Akafungasha mtungi wake, akahamia Kenyenya, ambako wakulima walikuwa hawana mtu wa kuwapandishia ng'ombe na hawakujua historia yake.

Nilimkuta huko mwaka huu, nilipokwenda kufuatilia hati ya shamba la marehemu kaka yangu. Amepanga chumba nyuma ya duka la dawa za mifugo, na anasema kazi ni nzuri. Misimu ameiacha, aliniambia. Alikuwa amekosea, na mwanasayansi wa kweli hukubali kosa lake. Kinachomwendesha binadamu ni mwezi wa angani. Nilimuuliza nani anampikia. Akanionyesha kwenye simu picha ya mwezi mchanga.

Mwenye duka, mama mmoja mnene wa makamo anayeitwa Nyangate, alitoka akatuletea chai. Kikombe changu alikiweka juu ya meza. Cha Osoro alimkabidhi kwa mikono miwili, akabaki amesimama kidogo, akauliza kama sukari imetosha. Osoro alisema imetosha bila kuinua macho, kwa sababu alikuwa anatafuta picha ya mwezi mpevu anionyeshe. Nyangate akarudi ndani. Nikanywa chai yangu, ambayo ilikuwa tamu kweli, nikaaga, nikaenda kutafuta gari la Kisii.