Motokaa Yangu Inakula Breki

Mtaani kwetu Iringa nilikuwa wa kwanza kununua motokaa, sasa nani angenizuia kuringa? Tatizo ni breki: kila baada ya wiki chache zimekwisha. Nikakusanya mashahidi, nikamvaa Fundi Athumani: "Umenifungia breki mbovu!"

Akaniambia, "Twende mzee, nizione."

Tukaanza kuteremka mlima. Kama kawaida yangu nikazima injini ili sauti yangu isikike nikisalimia watu kwa Kihehe, mguu nikaukandamiza kwenye breki, tukaenda mwendo wa bibi harusi.

"Kamwene, mama! Kamwene, shemeji! Mnaniona?"

Mji mzima ukanipungia.

Tulipofika chini magurudumu yalifuka moshi. Mashahidi wangu, waliokuja kwa miguu, walikuwa wameshafika zamani.

Fundi akawageukia. "Breki ni nzima, jamani. Huyu anazimaliza kwa salamu!"