Saini ya Gavana Orcutt

Miaka ishirini na sita Verlene Stokely alikuwa akishona na kuunga vitabu vilivyochanika katika maktaba ya mji mmoja wa Texas, hadi kitengo chake kilipofungwa. Kampuni ya kadi za kukusanya ikasikia sifa za mkono wake, ikamwita. Kazi yenyewe ilikuwa kukata saini za watu mashuhuri kutoka kwenye hundi na barua kuukuu, zibandikwe ndani ya kadi, nao watu wanunue pakiti zilizofungwa wakiomba bahati ya kukuta kadi yenye saini.

Hundi hazikumsumbua. Mtu kamlipa muuza maziwa, katia saini, basi. Lakini mwezi wa nne ikaja barua ya Gavana Orcutt, ya mwaka 1874. Verlene, kwa mazoea ya maktaba, akaisoma kabla ya kushika kisu. Gavana alimwandikia mama aitwaye Keziah Tull, aliyetembea maili arobaini kwenda kumlilia: mwanao hatanyongwa, anarudi nyumbani.

Akaipeleka kwa Garrett, msimamizi wake, aliyekuwa akila nyama ya moshi juu ya karatasi.

"Hii siikati, Garrett. Hapa pana uhai wa mtu."

"Bi Verlene, jamani! Kila Jumatatu una msiba mpya." Akafuta vidole. "Haya, miaka yote hiyo ilikuwa wapi? Ndani ya boksi. Nani aliisoma?"

"Mimi nimeisoma."

"Kwa sababu tuliinunua tuikate!"

Verlene akarudi nayo mezani kwake. Kwenye bahasha iliyoileta palikuwa na namba ya simu ya muuzaji, Amos Tull, kitukuu wa kijana yule. Akampigia.

"Mama, nimeipeleka makumbusho mara mbili," mzee akasema. "Wananiambia barua za Orcutt wanazo tele. Nyie kateni tu. Paa langu linavuja." Kisha akauliza: "Kwani umeisoma yote? Hata pale pa maili arobaini?"

"Hata hapo."

"Basi tuko wawili."

Verlene hakuelewa kama amepewa ruhusa au ameombwa asikate. Alasiri ile akakata. Mkato ulinyooka, Garrett akausifu, na sifa zile zikamchoma. Karatasi iliyobaki, yenye tundu chini, akaiomba isitupwe, akamtumia Amos kwa posta.

Baada ya wiki tatu mzee akapiga simu. "Nimeipeleka tena makumbusho. Sasa wanauliza, bila saini watajuaje kama ni ya gavana?" Akacheka kicheko kirefu ambacho mwishoni kiligeuka kitu kingine.

Mwezi huohuo mwalimu wa Ohio akaiandikia kampuni. Ameipata kadi ya Orcutt. Huyu alikuwa nani? Verlene akamwandikia habari yote ya Keziah. Majibu yakaja: darasa zima limesomewa, wengine wamelia.

Barua ile angeiacha nzima, watoto wale wasingemjua Keziah. Lakini ameikata, na sasa makumbusho hawaamini hata kama ni ya gavana. Kila alipolipima jambo hili, mzani uliegemea upande mwingine.

Akamwomba Garrett amhamishie meza ya kufunga pakiti.

"Kwa hiyo unasema tunafanya dhambi?"

"Sijasema hivyo."

"Basi tunafanya sawa?"

"Na hivyo pia sijasema. Nihamishe tu, mwanangu."

Garrett akamhamisha. Amos naye aliipachika barua yenye tundu ukutani, chini ya paa jipya, akamwalika Verlene aje aione. Mpaka leo hajaenda.