Nililala Bondeni Kusudi

Kakangu ana vyumba vitatu vya wageni kule Milimani, mtaa wa matajiri, na sikutaka hata kimoja. Nilikuwa nimeshuka kutoka Elburgon kwa mahari ya bintiye. Nikakodi chumba katika mtaa wa Bondeni, juu ya duka la fundi wa nguo, dirisha likitazama nyumba kuukuu za kanjo, yaani baraza la mji. Katika mojawapo ya nyumba hizo tulizaliwa.

Kakangu alinipigia simu akiwaka. "Sista, unataka kuniaibisha? Wageni wakijua umelala Bondeni na mimi niko na nyumba?"

"Si ndio kwetu?"

"Hiyo story iliisha. Ukilala huko, kesho usikuje kwangu."

Akakata simu. Iliisha? Baba alifanya kazi ya reli, akakodi chumba kimoja, tukalala humo watu wanane. Sasa kakangu amewaambia watoto wake na wakwe kwamba alilelewa Milimani. Nilikasirika, sitaficha. Nikalala palepale, na usingizi ukanichukua mapema.

Asubuhi niliteremka kununua maandazi. Muuzaji, mama mzee, alinikazia macho. "Wewe ni wa yule mzee wa reli. Unatembea kama mamako." Nikalia kidogo, kisha nikavaa vizuri nikaenda Milimani.

Kwetu, watu wenye asili ya magharibi mwa nchi, mahari hayazungumzwi bila shangazi wa binti, dada ya babake, na dada ni mimi peke yangu. Wageni walikuwa wamekaa wakinisubiri hadi chai ikapoa. Kakangu alinifungulia geti mwenyewe, bila salamu.

Mzee wa upande wa mvulana akaniuliza kwa heshima, "Shangazi, umetoka Elburgon asubuhi hii?"

Kakangu alinitazama kwa macho ya kuomba. Ningeweza kuitikia tu.

"Hapana," nikasema. "Nimelala Bondeni. Baba ya bibi harusi alizaliwa huko, chumba kimoja, sisi watoto sita. Kama hamtaki damu ya Bondeni, semeni tu."

Mzee akacheka, akasema yeye mwenyewe amelelewa kwenye kambi ya wafanyakazi wa mashine ya kupasua mbao, na mazungumzo yaanze. Ila binti, aliyekuwa ameleta chai mpya, alibaki amesimama na sinia mkononi.

"Bondeni hapo chini? Daddy, si tunapita hapo kila Sunday tukienda church? Na hujawahi kusimamisha gari?"

Kakangu alinigeukia. Sikumsaidia kujibu.